Kaka, somo ulilolikataa nitalirudia

Kaka yangu mpendwa,

Ulipokuja kumchukua binti yako mwisho wa likizo uliniambia kwamba ninamfundisha matusi, kwa kuwa alikuwa amejua kuziita sehemu zake za siri kwa majina yake. Nilinyamaza kwa sababu watoto walikuwa wanatusikiliza. Lakini maneno kama yako huyasikia kwa wazazi wengi hapa Jinja, Uganda, na ndiyo maana nakujibu hadharani, bila kukutaja jina.

Unajua kwamba katika mila za majirani zetu Waganda na Wasoga, kuzungumza na msichana kuhusu mwili wake ni kazi ya senga, yaani shangazi, na mimi ndiye shangazi yake. Zamani kazi hiyo ilingoja msichana akaribie kuvunja ungo. Baada ya miaka mingi ya kufundisha darasa la tatu, siwezi tena kungoja, kwa maana mtu mwenye nia ya kumdhuru mtoto hangoji. Katika uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2018, vijana wa miaka 18 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata utotoni: wasichana 35 katika kila 100 walisema walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na wavulana 17 katika kila 100 walisema hivyo hivyo. Kwa hiyo na mwanao wa kiume nitamketisha, ingawa mila haikunipa kazi hiyo.

Uliniambia umeshamwonya asipokee pipi kwa mtu asiyemjua. Umefanya vizuri, ila mara nyingi anayemdhuru mtoto ni mtu ambaye mtoto anamjua na nyumba nzima inamwamini. Anaweza kuwa mwenye bodaboda anayempeleka shule kila asubuhi, mwalimu wa masomo ya jioni, au binamu aliyekuja mjini kutafuta kazi akalazwa chumba kimoja na watoto kwa kukosa nafasi. Siwatuhumu watu hawa, kwani wengi wao ni waungwana. Ninachotaka ni mtoto ajue kwamba kanuni ya mwili wake haibadiliki kwa sababu ya undugu wala ya cheo.

Hapo ndipo adabu tuliyolelewa nayo inaponipa taabu. Sisi tulifundishwa kwamba mkubwa habishiwi, na aliyebisha alichapwa. Mtoto wa namna hiyo akiambiwa na mkubwa avue nguo, atavua, na akiambiwa anyamaze, atanyamaza. Bunge lilipopiga marufuku viboko shuleni mwaka 2016, wengi walilalamika kwamba watoto wataharibika. Mimi nimeona darasani kwangu kwamba mtoto asiyeogopa fimbo yangu ndiye anayeniletea jambo linalomtisha. Aendelee kukusalimia kwa heshima na kupokea mzigo wako mlangoni, lakini ajue kuwa yapo maagizo ambayo ana ruhusa ya kuyakataa, hata yakitoka kwako au kwangu.

Majina nayo yana sababu. Mtoto asiye na neno la kusema atalalamika kwamba tumbo linamuuma, nasi tutampa dawa ya minyoo. Huwaambia wanafunzi wangu kwamba sehemu zinazofunikwa na nguo ya ndani hazichezewi na mtu, na kwamba mkubwa anayewataka wafiche siri ya kushikwashikwa anakosea, hata kama ametoa zawadi. Kisha kila mmoja huchora kiganja chake na kuandika katika kila kidole jina la mtu atakayemwambia. Wa kwanza asipomwamini, aende kwa wa pili. Binti yako alikuandika kwenye kidole gumba, kaka.

Siku akikujia, usimuulize kwa nini alikwenda huko. Mwambie kwamba unamwamini na kwamba kosa si lake. Usimwogeshe wala usifue nguo zake. Mpeleke kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazifai zikianza baada ya saa 72. Namba 116 hupigwa bure, na polisi wana kitengo cha watoto na familia. Mimi kama mwalimu sheria inanilazimisha kutoa taarifa. Wazee wakija kukushawishi myamalize nyumbani kwa mbuzi na fedha, ukatae. Unajisi wa mtoto ni kosa la jinai, na baraza la kijiji halina mamlaka ya kuliamua.

Jumamosi nitakuja baada ya adhuhuri kuzungumza na watoto wote wawili. Naomba wewe na wifi mkae nasi chumbani mpaka mwisho, ili wayasikie majina hayo mkiwapo, na waone kwamba baba yao hakuondoka.

Dada yako