Bei ziandikwe mlangoni, tena kwa shilingi

Mhariri,

Assalaamu alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme juu ya bei za mikahawa ya Mji Mkongwe, hapa Unguja.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Kikwajuni. Baada ya sala ya Alasiri mimi na shoga yangu hutoka kwa miguu: Mnazi Mmoja, Vuga, tukaingia Shangani, tukatokea Forodhani, kisha tukazunguka Malindi na Darajani mpaka Michenzani. Yeye daktari kamwambia atembee kwa ajili ya sukari. Mimi namfuata kwa ajili ya kula. Sharti letu ni moja, tusikae pahala tulipokwisha kula.

Darajani na Michenzani hatuna tabu. Muuza urojo anakutajia bei huku anamimina, wa mishikaki bei yake na wa bajia tupu bei yake. (Shoga yangu ana msimamo kwamba urojo usiotiwa embe mbichi ni uji wa manjano. Wa ndimu hamalizi, bakuli huishia kwangu.)

Tabu iko Mji Mkongwe, kwenye mikahawa mipya. Mlangoni hakuna bei. Unaingia, unakaribishwa, unavutiwa kiti, unaletewa maji, ndipo unapewa kitabu cha Kiingereza kitupu chenye bei za dola. Hapo mtu mzima na buibui lake atainukaje? Pahala pamoja, ambapo sitapataja, tuliuliza pweza wa nazi ni shilingi ngapi. Kijana akatoa simu akapiga hesabu, na kiwango alichotumia kilipita cha maduka ya kubadilishia fedha tuliyoyapita njiani. Pweza mwenyewe alikuwa laini, haki yake nampa. Lakini tulilipa kama wageni, katika mji tuliozaliwa.

Najua watalii ndio riziki ya vijana wetu wengi, na mkahawa wenye kodi ya Shangani hauwezi kuuza kwa bei ya Darajani. Wauze ghali wakitaka. Ninachotaka ni kujua ghali yenyewe nikiwa bado nimesimama nje na viatu vyangu, niamue kuingia au kuendelea na safari. Isitoshe, kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutangaza na kudai bei kwa fedha za kigeni humu nchini. Sasa vitabu vile vya dola vinasubiri nini mezani?

Naliomba Baraza la Manispaa, linapokagua biashara hizi, lidai ubao mlangoni: vyakula vitano sita vinavyouzwa zaidi, bei kwa shilingi, na kama kuna kodi au malipo ya huduma yatakayoongezwa, yaandikwe hapo hapo. Kiswahili kiwe juu, lugha nyengine zifuate.

Ahsante.

Mwalimu mstaafu,
Kikwajuni, Unguja