Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wakazi, Tabata, Dar es Salaam

Ndugu mwakilishi wa Serikali ya Mtaa, ndugu wajumbe wa kamati, ndugu wanachama,

Mitaro ilizibuliwa kabla ya masika na kabla ya vuli. Ulinzi shirikishi uliendelea. Rambirambi zilitolewa kwa familia zote zilizofiwa. Taa mbili za njia ya msikitini zinawaka tena, baada ya mimi mwenyewe kumfuatilia fundi hadi kazi ikaisha. Haya mnayafahamu, na maelezo yake yamo kwenye karatasi aliyogawa katibu.

Kuhusu hesabu: tulianza mwaka tukiwa na shilingi 2,140,000. Ada zilizolipwa ni 4,365,000. Ulinzi, mitaro, taa na rambirambi vilichukua 2,970,000. Guta, yaani baiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea taka, na banda la mboji vilichukua 1,680,000. Zimebaki 1,855,000. Risiti zote anazo mweka hazina, na anayetaka kuziona akazione leo hii.

Kaya 132 zikilipa 5,000 kila mwezi tunapata 7,920,000 kwa mwaka. Kwa hiyo tunadaiana 3,555,000, na wadaiwa wengi ni watu wenye uwezo, wengine wana nyumba za kupangisha. Inaumiza zaidi kwamba wanaopaza sauti juu ya matumizi ni wale wale ambao daftari halina jina lao tangu Februari. Mkutano wa Juni uliitishwa kwa barua, kwa tangazo kwenye ofisi ya Serikali ya Mtaa na kwa ujumbe wa simu. Walikuja watu 31. Akidi haikutimia, tukarudi nyumbani. Ndipo kamati, kwa kifungu cha katiba kinachoiruhusu kutumia akiba kwa jambo la afya ya wakazi, ikakaa Julai na kuamua bila mkutano mkuu. Nimesikia likiitwa amri ya mwenyekiti. Wajumbe wote saba walisaini.

Uamuzi wenyewe ni huu: fedha iliyowekwa kwa ajili ya geti la mtaa tuliitumia kununua guta na kujenga banda la mboji. Limesemwa sana vibarazani, hivyo nalieleza kwa urefu.

Mtakumbuka tulikubaliana kila nyumba iwe na vyombo viwili: ndoo ya taka zinazooza na kiroba cha taka kavu. Kina mama waliitikia vizuri mno, nawapongeza. Lakini lori la mzabuni wa kuzoa taka lilipokuja, ndoo na kiroba vilimwagwa pamoja. Haikupita miezi mingi watu wakachoka, na hoja ikazuka kwamba kutenganisha taka hakupunguzi chochote, tuache. Baadhi ya wajumbe wa kamati nao walikuwa tayari kuacha. Mimi nilikataa, na nitaeleza kwa nini.

Kutenganisha peke yake kweli hakupunguzi hata kilo moja. Maganda ya ndizi, machicha ya nazi na mabaki ya ugali yana uzito ule ule yakiwa kwenye ndoo au kwenye kiroba. Kinachopunguza ni mahali ndoo inapokwenda. Katika jiji letu zaidi ya nusu ya taka za majumbani ni vyakula na majani, vitu vizito vilivyojaa maji. Vikichanganywa na vingine vinachafua makaratasi na chupa hadi waokota chupa wanashindwa kuviuza. Vikifika dampo la Pugu Kinyamwezi vinafukiwa chini ya lundo, vinaoza bila hewa na kutoa gesi ya methani, ambayo huwaka. Vikibaki hapa mtaani vinakuwa mboji, na lori linabeba kilichobaki tu. Kwa hiyo ndoo bila guta la kuipeleka mahali pake ni kazi ya bure. Tulikuwa tumewapa watu nusu ya mpango, na nusu iliyobaki ilikuwa na bei. Geti lingetulinda na wezi, sawa, lakini geti haliozi likisubiri mwaka mmoja.

Hatukukurupuka. Pamoja na katibu nilikwenda Bonyokwa, ambako ushirika wa wakusanya taka, ulioanzishwa kwa msaada wa shirika la mazingira la Nipe Fagio, hupita nyumba kwa nyumba kuchukua taka zilizotenganishwa na kugeuza zinazooza kuwa mboji. Kule Mabwepande, Manispaa ya Kinondoni ina kiwanda cha mboji kilichotokana na urafiki wa jiji letu na jiji la Hamburg, Ujerumani. Kwa wanaosema haya ni mambo ya Ulaya: Korea Kusini ilianza mwaka 1995 kumtoza kila mtu kwa mfuko anaoutupa, na mwaka 2005 ikapiga marufuku kufukia mabaki ya chakula dampo. Lakini pia ilikuwa na viwanda vya kuyageuza kuwa mbolea na chakula cha mifugo. Agizo lilikwenda pamoja na mahali pa kupeleka.

Na sisi wa Tabata tuna sababu yetu wenyewe. Mwaka 1988 Joseph Kessy na wenzake wa hapa hapa waliishtaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu kwa sababu ya moshi na harufu ya dampo, wakashinda. Jiji lilipoomba muda zaidi wa kuendelea kumwaga, Jaji Lugakingira alikataa. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, na mwaka 1991 Festo Balegele na mamia ya wakazi nao wakaenda mahakamani, wakashinda. Baadaye ikawa Vingunguti, kisha Mtoni, na sasa Pugu. Taka tulizozikataa mlangoni kwetu tunazipeleka kwenye mlango wa mwenzetu. Mimi siwezi kukaa kwenye kiti hiki nikaliona hilo ni jambo dogo.

Matokeo? Awali lori lilikuja mara mbili kwa wiki. Tangu Septemba linakuja mara moja na linaondoka na nafasi. Nyumba zinazotenganisha zimepita nusu. Wapo waliodai taka zimehamia mtaroni kuelekea Mto Msimbazi. Kamati ilikagua mtaro mzima mara baada ya mvua za Novemba na haikukuta mabaki ya jikoni. Ilikuta pampasi na plastiki laini. Hizo, nasema wazi, hazina mnunuzi wala haziozi, na kuzitenga hakujazipunguza. Zitapungua zikinunuliwa kidogo, kama mifuko ya plastiki ilivyopungua baada ya katazo la Juni 2019. Vijana wa guta wanauza mboji kwa wenye bustani, ingawa fedha yake bado haitoshi posho yao, na chama kinaongezea.

Kero moja imebaki: mzabuni anatoza kila nyumba kiasi kile kile ingawa anabeba kidogo. Nimeifikisha kwenye kata, nami sitaiacha.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupata mashine ya kukatia majani, kuzungumza na mtaa wa jirani waungane nasi, na kulirudia suala la geti hali ikiruhusu. Tunatumaini pia kupata mfadhili.

Wenye madeni wamwone mweka hazina kabla ya kutoka ukumbini. Yupo mezani karibu na mlango, na daftari analo.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti