Shemeji, njoo tuendeshe juu ya magwangala

Shemeji,

Salamu kwako, kwa dada na kwa watoto. Huku tu wazima, baridi imeanza kulegea na baiskeli nimeshaitoa stoo.

Uliyoyasema baada ya kuona ile picha ya baiskeli yangu yamenifikia, maana dada hafichi kitu. Kwamba nimenunua baiskeli kwa bei ya pikipiki, haina keria, haina stendi, halafu naenda kuitesa kwenye vumbi wakati Wajerumani wamejaza lami kila kona. Mtu aliyesomba magunia ya mkaa kwa Phoenix mpaka Kahama mjini ana haki ya kucheka, nami sikudai. Lakini kwenye simu uliniuliza na jingine, safari hiyo bila kicheko: pale Buzwagi, kwenye mgodi wenu wa dhahabu, tangu uzalishaji usimame mwaka 2021, patakuwa nini wajukuu wetu wakikua? Mimi si mtu wa madini. Ninachoweza ni kukueleza hizo njia za vumbi ninazozunguka, kwa sababu karibu zote zimepita juu ya migodi iliyokufa.

Ninaishi bonde la Ruhr, magharibi ya Ujerumani. Duisburg, Oberhausen, Essen, Gelsenkirchen, Bochum, Dortmund: miji imebanana hivi kwamba kibao tu ndicho kinachokuambia umetoka huu umeingia ule. Watu kama milioni 5. Mwaka 1957 makaa ya mawe yalikuwa yameajiri zaidi ya watu 600,000 nchini humu, na wengi wao walikuwa hapa. Kisha mafuta na makaa ya bei rahisi kutoka nje yakaingia, migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine, hadi tarehe 21 Desemba 2018 wachimbaji wa Prosper-Haniel, mjini Bottrop, walipopandisha bonge la mwisho na kumkabidhi Rais Frank-Walter Steinmeier mkononi. Makaa meusi yakaishia hapo. (Ya kahawia bado wanachimba kwa mashimo ya wazi huko upande wa Cologne. Hayo yana barua yake.)

Sasa njia zenyewe. Kila mgodi na kila kiwanda cha chuma kilikuwa na reli yake. Mataruma yalipong'olewa, tuta likabaki, refu na tambarare, kwa sababu garimoshi lenye mzigo haliwezi mlima. Wakamwaga changarawe ndogo, wakashindilia, wakatuachia. Ninayoipenda kuliko zote ni Erzbahntrasse, kama kilomita 10 kutoka Bochum hadi bandari ndogo ya Grimberg kwenye mfereji wa Rhine na Herne. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili kupeleka mawe ya chuma kutoka kwenye matishari hadi kwenye tanuri za Bochum. Tuta liko juu sana, kwa hiyo barabara na reli nyingine unazivuka kwa madaraja. Malori yananguruma huko chini, wewe uko usawa wa matawi. Kushoto na kulia imejaa miti ya betula yenye magome meupe, ambayo haikupandwa na mtu. Ilijiotea kwenye vumbi la makaa, mahali ambapo ungeapa hapatamea kitu.

Ukifika kwenye mnara wa chuma wa mgodi wa Pluto, ule wenye magurudumu juu ya kuteremshia watu shimoni, simama unywe maji. Magurudumu hayazunguki tena. Lakini baada ya hapo njia ni nyeupe, ni kimya, na asubuhi ya Jumapili unaweza kwenda kitambo kirefu unasikia tairi zako tu.

Kuhusu tairi, hapa ndipo ungebishana na fundi wangu. Wewe ulizoea kujaza upepo mpaka tairi iwe ngumu kama jiwe, na ulikuwa sahihi, mzigo ulidai hivyo. Huku ni kinyume. Tairi ina upana wa milimita 40, unaweka upepo kidogo, inalala juu ya kokoto badala ya kurukaruka. Ndani hakuna tyubu. Kuna ute wa gundi unaozunguka humo, na mwiba ukichoma, ute unakimbilia tundu na kuliziba wewe ukiendelea kukanyaga. Najua hutaamini. Nami sikuamini, nikaendelea kubeba viraka na solusheni mfukoni kwa muda mrefu. Kuhusu keria, fremu ina matundu ya kufungia mikoba, kwa hiyo usiseme imesahauliwa.

Tambarare ikikuchosha, kuna magwangala. Jiwe lililotoka na makaa walilirundika kwa miongo mpaka likawa milima, katika nchi ambayo kabla ya hapo haikuwa na kilima cha maana. Hoheward, kati ya Herten na Recklinghausen, limeinuka karibu mita 100 juu ya mitaa inayolizunguka. Chini yake ni mgodi wa Ewald, uliofungwa mwaka 2000. Njia ya changarawe inazunguka rundo zima ikipanda taratibu, na pembeni yake, kwenye rundo la Hoppenbruch, vijana wa baiskeli za milimani wana njia yao ya kuvunjia mifupa. Kule juu wamesimamisha matao mawili makubwa ya chuma ya kutazamia jua na nyota. Yalifunguliwa mwishoni mwa 2008, na mwaka uliofuata yakapatikana na ufa, katikati ya matao kukafungwa. Mimi hilo lilinifurahisha kidogo. Hata huku pesa ya umma hupasuka. Kutoka hapo unauona uwanja wa Schalke, timu ya soka ambayo mpaka leo mashabiki wake wanajiita wachimbaji.

Rundo la Haniel, lililo ubavuni mwa ule mgodi wa mwisho, ni la namna yake. Limepandishwa njia ya msalaba yenye vituo, na Ijumaa Kuu watu hukwea kwa maandamano. Papa Yohane Paulo II alifika kwenye mgodi huo mwaka 1987. Kileleni, msanii wa Kibaski Agustín Ibarrola alisimika mataruma ya reli zaidi ya mia moja na kuyapaka rangi, yamejipanga kwenye ukingo upepo unayapiga. Upepo wenyewe utakurudisha nyuma ukiwa kwenye gia nyepesi kabisa.

Hayo ndiyo ya picha. Sasa nikujibu swali lako, na jibu liko kwenye maji.

Ukichimba makaa kwa zaidi ya miaka 100 chini ya miji, ardhi ya juu inashuka. Kuna sehemu za Essen zilizodidimia hadi mita 25. Mto uliokuwa ukiteremka ukajikuta hauna pa kuteremkia. Mabomba ya maji machafu hayangeweza kufukiwa, kwa kuwa ardhi ingeyavunja, kwa hiyo Mto Emscher wakaunyoosha, wakaufunga kwa zege, wakaufanya mfereji wa choo wa mkoa mzima, wazi, unanuka. Umoja unaousimamia uliundwa mwaka 1899. Kazi ya kuurudisha kuwa mto ilianza mwaka 1992, migodi ilipokuwa imehamia kaskazini na ardhi kutulia, na mwishoni mwa 2021 ndipo maji machafu ya mwisho yalipohamishiwa kwenye bomba lililozikwa. Miaka 30 na mabilioni ya euro. Mimi napita kando yake kwenye njia ya changarawe, naona kulasitara wamesimama majini, na kuna wazee ambao bado wanaziba pua kwa mazoea.

Ila pampu hazijazimwa, Shemeji. Bila pampu, maeneo makubwa ya hapa yangegeuka ziwa, na nyumba zake. Na kule chini, maji yanayojaa mahandaki lazima yavutwe yasipande hadi yakakutana na maji ya kunywa. Hakuna tarehe ya kuacha. Kwenye hesabu zina jina kabisa, gharama za milele, na mwaka 2007, zaidi ya miaka 10 kabla ya bonge la mwisho kutoka, uliundwa mfuko wa kuwekeza mali ili faida yake ilipe pampu hizo. Ile njia ninayokanyaga kimyakimya ina bili inayolipwa kila siku.

Buzwagi ni dhahabu na ni shimo la wazi, haya ni makaa na mahandaki. Sitaki kukuambia mambo yanafanana. Lakini ningekuwa mkutanoni huko Kahama, nisingeanza na kiwanda gani kitajengwa. Ningeuliza ni nani atalitunza shimo na maji yake miaka 50 ijayo, na pesa hiyo iko wapi leo hii.

Wala usidhani huku kila mtu ameneemeka. Zollverein, mgodi wa Essen uliokuwa ukitoa tani 12,000 kwa siku, ulifungwa 1986, na tangu 2001 ni urithi wa dunia. Watalii wanapiga picha za harusi. Gelsenkirchen, jirani kabisa, iko miongoni mwa miji yenye ukosefu mkubwa wa ajira Ujerumani nzima. Njia ya baiskeli haikumrudishia mtu kazi. Mzee mmoja, Mturuki, alikuja kijana kufanya kazi shimoni, huwa namkuta kwenye kibanda cha chai kando ya njia. Anasema hii hewa safi ni nzuri, lakini aliposikia ving'ora vya zamu alijua watoto watakula.

Basi, viza ikitoka usije Januari. Njoo Mei. Njia zina namba kwenye vibao vyekundu na vyeupe, unaandika namba kwenye karatasi na kuzifuata, hata simu huhitaji. Jirani yangu ana baiskeli ya ziada, ila wewe ni mrefu kuliko yeye, kwa hiyo mwambie dada akupime kutoka kisigino hadi kinenani anitumie, nimpelekee fundi apandishe kiti. Na ukija na suruali ya kitambaa, funga mguu wa kulia, cheni ya huku ina mafuta mengi.