Barua kwa vijana wetu wa Pemba wanaolima kwa simu

Assalaam alaykum wanangu na wajukuu zangu mlioko Unguja, Dar na mpaka Maskati huko. Mie bibi yenu nipo, mgongo ndo unanisumbua kidogo lakini kondeni bado nakwenda kila siku nkishasali alfajiri na kunywa chai, na huyu mjukuu anaeniandikia nimemwambia aandike nnavosema, asinisahihishe.

Imekuwa mtindo siku hizi, mtu ana shamba Pemba wala halijui. Anatuma hela ya kupalilia, mlinzi anamrushia picha ya mkarafuu mmoja chini safi kama umefagiliwa, kumbe ndo huo tu ulioko njiani, huko ndani mwitu mtupu mpaka kenge kahamia. Mwenyewe anafurahi. Mie napita pale kila siku nakwenda kukata majani ya mbuzi, naona, nanyamaza, maana shamba si langu. Leo nasema.

Na msidhani nakusemeni nyinyi tu. Mwaka mmoja karafuu zilibeba hasa (mnajua mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, ukikupa sana huu, mwakani unakupumzisha), tukachuma, tukachambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, usiku kwa taa mpaka vidole vinanuka, nikaanika majamvi sita uwanjani. Siku ya pili jirani ana harusi, jua linawaka, nikasema nakwenda kutia mkono kidogo kwenye pilau narudi. Si nikakaa! Mvua ya vuli haina hodi, ilinyesha robo saa tu, nikatoka mbio kanga mkononi nakuta karafuu zinaogelea. Kosa la pili hilo hapo, usiku ule nilikuwa nimechoka nikazirundika ndani badala ya kuzitandaza, asubuhi natia mkono zina moto kama unga wa maandazi uliokwisha umuka. Zikawa mpeta, rangi imefifia, nyepesi, ukiivunja haikatiki ile ta! Kituoni tukapewa bei ya chini kabisa. Babu yenu, Mungu amrehemu, hakusema neno, alikunja majamvi akayaweka darini. Bora angenigombeza.

Sasa mie niliekuwa hapo hapo, nyumba mbili tu kutoka uwanjani, yamenikuta hayo, wewe uliopo Kariakoo unategemea nini?

Halafu hii habari yenu ya kutaka kukata mashamba viwanja muuze. Zile eka tatu baba yangu alipewa baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa ajili ya kulima, si mali ya kuuza kama baiskeli. Mnasema mikarafuu imezeeka, kweli imezeeka, mingine nnaifahamu tangu mtoto nasoma chuo cha Kurani na ilikuwa mikubwa vilevile. Basi pandeni! Mche unakaa miaka kama 6 au 7 ndo uanze kukupa kitu, na ile kiangazi ya mwanzo ndo inaoua, kwa hiyo panda baina ya migomba upate kivuli, uwekee makuti, mtu apeleke maji jioni. Hapa ndo pesa zenu zinapopotea, mnanunua miche mia mnapanda siku moja, mnapiga picha, mnapanda boti. Bora miche kumi yenye mtu wa kuimwagia. Na huyo mtu mlipeni kwa wakati jamani, anakaa miezi mitatu hamjamtumia hata ya sabuni halafu mnamwita mwizi akila ndizi.

Muhogo sisemi, muhogo unajiotea wenyewe, mwenye uvivu apande muhogo.

Vuno hili njooni, hata wiki moja, na watoto waleteni, juzi mmoja kaniuliza kisamvu kinauzwa duka gani. Chumba cha uani nimeshakifagia. Njooni na nguo za kuchafua, majamvi mawili yametoboka, mkipita mjini Chake Chake ninunulieni.