Kwa Rashidi: kampuni za simu za Marekani zilivyovunjwa zikaungana tena

Sahibu yangu Rashidi,

Salaam nyingi. Umeniuliza inakuwaje AT&T, kampuni iliyovunjwa mwaka 1984 kwa kuhodhi simu za Marekani, leo iko tena kileleni kwa jina lilelile. Wengi wanaosimulia habari hii huhesabu kampuni tu: ilikuwa moja, zikawa saba, zikarudi tatu. Hesabu ni sahihi, ila haielezi kitu. Cha kufuatilia ni waya.

Kutoka eksichenji ya mtaa, yaani jengo ambamo simu huunganishwa, hadi kwa mteja ilipita jozi moja ya nyaya za shaba. Kipande hicho ndicho kilichokula fedha kuliko vyote kwa kila mteja, maana kuna mitaro, nguzo na vibali vya njia, na jozi yenyewe inamhudumia mtu mmoja. Njia za mji hadi mji ni habari nyingine, kwa sababu hubeba maelfu ya mazungumzo kwa pamoja na gharama inagawanyika. Mshindani anaweza kuijenga njia hiyo akapata faida. Akijaribu kuchimba mtaro wa pili hadi mlangoni, atalipa kile alicholipa wa kwanza kisha agombee wateja walewale. Mwenye kisu ndiye mla nyama, na kisu hapa ni waya wa mwisho.

Watu wa Bell, yaani AT&T na kampuni zake za mikoani, walilijua hili mapema. Hataza za Alexander Graham Bell zilipokwisha mwaka 1893 na 1894, yalizuka maelfu ya makampuni madogo, na kufikia 1907 hivi yalikuwa na karibu nusu ya simu zote nchini. Silaha ya AT&T ilikuwa kukataa kuyaunganisha na laini zake za masafa marefu, kisha kuyanunua yakishachoka. Serikali ilipoibana kwa sheria za ushindani, mwaka 1913 makamu wa rais wa AT&T, Nathan Kingsbury, akaandika ahadi iliyobeba jina lake: kampuni itauza hisa zake za Western Union, kampuni ya telegrafu, itawaunganisha washindani na laini ndefu, na haitanunua mshindani bila idhini. Lakini ahadi ile ilitafsiriwa kwamba AT&T inaweza kununua simu za eneo moja mradi iuze idadi sawa kwingine. Matokeo yake yakawa kubadilishana maeneo, kila mmoja akabaki peke yake kwake. Mwaka 1921 sheria ya Willis-Graham ikaruhusu miungano ya simu iepuke sheria za ushindani ikishapata kibali. Likumbuke sharti la 1913, kwa sababu utakutana na ndugu zake mbele.

Kesi iliyoivunja AT&T ilifunguliwa na Wizara ya Sheria mwaka 1974. Maridhiano yalitangazwa Januari 1982 na kusimamiwa na Jaji Harold Greene, na mgawanyo ukaanza rasmi Januari 1, 1984. Kampuni 22 za mikoani ziliwekwa chini ya saba: Ameritech, Bell Atlantic, BellSouth, NYNEX, Pacific Telesis, Southwestern Bell na US West. AT&T ikabaki na masafa marefu, viwanda vya Western Electric na maabara ya Bell Labs. Fikra yenyewe ilikuwa nzuri, nami bado naitetea: tenga sehemu inayoweza kushindaniwa na sehemu isiyoweza, halafu mwenye waya wa mwisho akatazwe kuingia kwenye masafa marefu ili asiwe na sababu ya kuwabana MCI na Sprint, washindani wa AT&T kwenye masafa marefu. Bei za masafa marefu zilishuka kweli. Waya wa mwisho, hata hivyo, ulibaki na mmiliki mmoja katika kila mkoa. Ukiritimba mmoja wa nchi nzima ukawa saba wa mikoa.

Sheria ya Mawasiliano ya 1996 ilijaribu kuufungua waya huo. Kifungu cha 251 kiliilazimisha kampuni kongwe, yaani mwenye waya wa mtaa, ikodishe jozi za shaba kwa mshindani, impe nafasi ya kuweka vifaa ndani ya eksichenji, na imuuzie huduma kwa jumla. Bei ya kukodi ilipigwa kwa gharama ya kuujenga mtandao huo leo kwa teknolojia bora iliyopo, si kwa hesabu za vitabu vya zamani, na Mahakama ya Juu iliikubali kanuni hiyo mwaka 2002. Kifungu cha 271 kikatoa chambo: kampuni ya Bell ikitimiza masharti 14 ya kufungua mtandao wake katika jimbo, inaruhusiwa kuuza masafa marefu humo.

Sasa tazama kinachotokea ndani ya eksichenji mteja anapohama, maana hapo ndipo sheria ilipokwama. Siku moja au mbili kabla, mlio wa laini wa kampuni mpya unatakiwa uwe umefika kwenye fremu kuu, yaani chuma kirefu ambapo nyaya zote za mtaa huishia. Siku yenyewe fundi wa kampuni kongwe anang'oa kiungo cha jozi ya mteja kinachokwenda kwenye swichi ya zamani, yaani mashine inayoelekeza simu, anafunga kingine kinachokwenda kwenye vifaa vya kampuni mpya, kisha kanzidata ya taifa ya namba inabadilishwa ili simu zinazoingia zifuate njia mpya. Kazi ya dakika chache. Lakini namba ikibadilishwa kabla ya waya, mteja anaweza kupiga na hapigiki. Waya ukihamishwa kabla mlio haujafika, simu imekufa kabisa. Na kama laini ya mteja inapita kwenye kabati la mtaani lililounganishwa kidijitali moja kwa moja na swichi, hakuna jozi ya kuhamisha kwenye fremu, inabidi atafutiwe njia nyingine. Kila kosa la namna hii mteja humlaumu aliyehamia kwake, ilhali mkono uliofanya kazi ni wa mpinzani wake. Unamtegemea mshindani wako akufungie waya, na hana haraka.

Chambo cha 271 kilifanya kazi kwa muda. Bell Atlantic ilipata ruhusa ya kwanza, New York, Desemba 1999. Kufikia mwisho wa 2003 kampuni za Bell zilikuwa zimeruhusiwa katika majimbo yao yote, na tangu hapo hazikuwa na cha kungojea tena. Machi 2004 mahakama ya rufaa ya Washington ikafuta kanuni zilizowawezesha washindani kukodi mtandao mzima pamoja na swichi. Julai mwaka huohuo AT&T ya zamani ikatangaza kuacha kutafuta wateja wapya wa majumbani. Miezi michache baadaye yenyewe ilikuwa inauzwa.

Wakati huo miungano ilikuwa imeshakwenda mbali. Southwestern Bell, ikiitwa SBC, ilimeza Pacific Telesis mwaka 1997 na Ameritech mwaka 1999. Bell Atlantic ilichukua NYNEX mwaka 1997, ikaungana na GTE, kampuni kubwa ya simu isiyo ya Bell, mwaka 2000 na kujiita Verizon. US West ilinunuliwa na Qwest mwaka 2000. Mwaka 2005 SBC ikainunua AT&T, mama yake, kwa takriban dola bilioni 16 na kuchukua jina lake. Verizon ikakamilisha kuinunua MCI Januari 2006. Desemba 29, 2006 BellSouth nayo ikaingia AT&T kwa mkataba wa dola bilioni 86. Saba zikawa tatu, na kampuni mbili kubwa za masafa marefu, zilizokuwa pia washindani wakubwa kwenye waya wa mwisho, zikaondoka sokoni.

Utauliza wadhibiti walikuwa wapi. Walikuwepo, na waliona. FCC, tume ya shirikisho inayosimamia mawasiliano, ilipouchambua muungano wa SBC na Ameritech mwaka 1999 ilitoa hoja mbili ambazo hadi leo ni za maana. Ya kwanza: kampuni jirani ndiye mshindani wa kesho mwenye uwezo kuliko wote, kwa sababu ana swichi, mafundi na fedha. Ya pili: mdhibiti akiwa na kampuni saba anaweza kulinganisha, akasema mbona fulani ameweza kufungua mtandao wake na wewe huwezi, zikipungua, kipimo kinapotea. Baada ya kuandika hayo, FCC iliuruhusu muungano kwa masharti 30, mojawapo likiwa SBC ishindane katika masoko 30 nje ya eneo lake. Kuingia kwenyewe kulikuwa kwa kutimiza sharti. Ushindani wa kweli haukutokea. Wateja waliodai kwamba kampuni za Bell zilikubaliana kutoingiliana walifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2007, katika kesi ya Bell Atlantic dhidi ya Twombly, walishindwa kwa kura 7 dhidi ya 2: kutoshindana peke yake, mahakama ilisema, hakuthibitishi makubaliano.

Masharti ya 2005, ya SBC na AT&T na ya Verizon na MCI, yalikuwa ya kiufundi zaidi. Wizara ya Sheria iligundua mamia ya majengo ya ofisi ambayo waya wa kuingia ulikuwa wa kampuni mbili tu, na mbili hizo ndizo zilizokuwa zinaungana. Dawa yake ikawa kumkodisha mtu wa tatu faiba tupu, yaani nyuzi za kioo zisizo na vifaa vya kuziwasha, ndani ya majengo hayo kwa miaka kumi. Kwa karatasi, inatosha. Kwa kazi, kampuni inayouza laini za ofisi inahitaji mtandao unaounganisha majengo ya mteja katika mji mzima, na nyuzi za jengo hapa na jengo pale hazimpi huo. Masharti ya BellSouth nayo yalikuwa na tarehe ya kwisha: intaneti ya dola 10 kwa mwezi kwa wateja wapya ilikuwa ya miezi 30, na ahadi ya kutobagua maudhui ya intaneti ilikuwa ya miezi 24. Muungano hauna tarehe ya kwisha.

Kwenye simu za mkononi kisu ni masafa ya redio na minara, na hapo hesabu ni rahisi kuifanya mwenyewe. Chukua asilimia ya soko ya kila kampuni, izidishe kwa yenyewe, jumlisha. Tuseme kampuni nne zina 35, 30, 20 na 15: 1,225 + 900 + 400 + 225 ni 2,750. Mbili za mwisho zikiungana, ongezeko ni mara mbili ya 20 × 15, yaani 600, na jumla inakuwa 3,350. Kwa mwongozo wa 2023 wa wadhibiti wa Marekani, jumla ikizidi 1,800 na ongezeko likizidi 100, muungano unachukuliwa kuwa haramu mpaka kampuni zithibitishe vinginevyo. Mwaka 2011 Wizara iliishtaki AT&T ilipotaka kuinunua T-Mobile kwa dola bilioni 39, na mpango ukafa Desemba. T-Mobile hiyohiyo, iliyobaki hai, ndiyo iliyokuja kuwasumbua wakubwa kwa bei na kwa kufuta mikataba ya miaka miwili. Sioni ushahidi ulio wazi kuliko huo wa faida ya kukataa.

Lakini mwaka 2020 T-Mobile na Sprint ziliruhusiwa kuungana, kwa sharti kwamba Dish, kampuni ya televisheni ya setilaiti, inunue wateja wa Boost, chapa ya Sprint ya simu za malipo ya awali, na ijenge mtandao wa nne. Agosti 2025 mwenye Dish, EchoStar, alikubali kuiuzia AT&T masafa kwa takriban dola bilioni 23, na wateja wa Boost wahudumiwe hasa kwa mtandao wa AT&T. Mtandao wa nne ulioahidiwa ukaishia hapo. Mshindani anayezaliwa kwa sharti la mdhibiti huanza bila wateja wa kutosha kulipia minara, na kitu chake cha thamani kuliko vyote, masafa, kinawindwa na walewale anaotakiwa kushindana nao.

Ukitaka kufuatilia muungano mpya, jua kwamba milango ni miwili. Wizara ya Sheria hupewa taarifa, kisha husubiriwa siku 30 kabla ya kufunga biashara, na inaweza kudai nyaraka zaidi. Ikitaka kuzuia, ni lazima ithibitishe mahakamani kwamba ushindani utapungua. Mbele ya FCC mzigo umegeuka, chini ya vifungu vya 214 na 310(d): kampuni ndizo zinazotakiwa kuonyesha kwamba muungano una faida kwa umma, na mtu yeyote anaweza kuwasilisha maoni ndani ya muda uliotangazwa. Katika uamuzi, nenda moja kwa moja kwenye kiambatisho cha masharti. Tafuta linakwisha lini, nani anakagua, na adhabu yake ni nini.

Hili ulilonitajia, la Verizon kuinunua Frontier, kampuni ya simu na intaneti za waya, ni mfano mzuri wa kujifunzia. Laini nyingi za Frontier za California, Texas na Florida zilikuwa za GTE, zikawa za Verizon mwaka 2000, zikauzwa kwa Frontier mwaka 2016. Frontier iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2020, ikatoka, ikatandaza faiba, na Januari 2026 imerudi Verizon kwa mkataba wa dola bilioni 20. Hesabu niliyokuonyesha haitakupa kitu kikubwa hapa, kwa sababu waya zao hazikupishana mtaani. Fanya hivi: fungua ramani ya intaneti ya FCC, weka anwani kumi kutoka maeneo hayo, ondoa setilaiti, ondoa anayeuza juu ya mtandao wa mwingine, kisha hesabu waya zilizobaki kwa kila anwani. Niandikie ulichokuta.

Wasalaam,
Hamadi