Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mashindano ya Sangara na Kikomo cha Sentimita 85

Ndugu wanachama,

Shughuli za mwaka mnazijua: mashindano mawili, usafi wa mwalo na semina moja ya maofisa uvuvi. Sitazirudia.

Niende kwenye lililotugawa. Kamati iliamua kwamba sangara anayezidi sentimita 85 hapandishwi kwenye mzani. Anapimwa ubavuni mwa boti akiwa majini, anapigwa picha, anaachiwa. Kombe la samaki mzito likafa, na wapo walionuna. Uamuzi huo niliupigania mimi na bado nausimamia.

Kipimo cha sentimita 50 hadi 85 hatukukibuni sisi. Ndicho Kenya, Uganda na Tanzania zilichokubaliana kwa Ziwa Victoria. Kikomo cha chini kinamwachia mdogo akue. Lakini jike huchelewa kupevuka kuliko dume, na sangara wakubwa wengi ni majike. Mmoja hutaga mayai kwa mamilioni. Ukiwalinda wadogo peke yao, wavuvi wote watawageukia hao wazazi, hasa zama hizi ambapo bondo, yaani kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa sangara, linatafutwa kuliko minofu. Wakiisha, wanaobaki kuendeleza uzazi ni wale wanaopevuka wakiwa bado wadogo.

Mjumbe mmoja alidai kwamba sangara mkubwa hula sangara wachanga, kwa hiyo kumwachia ni hasara. Kula, anawala kweli. Lakini wachanga hao wanazaliwa na nani?

Hoja niliyoiona nzito ni ya vifo. Sangara akivutwa haraka kutoka kina kirefu, hewa iliyo ndani ya bondo hutanuka, tumbo linasukumwa hadi mdomoni, na ukimwachia anaelea ubavu juu. Ndiyo maana niliagiza tuvue maji ya kina kifupi, kando ya miamba. Ubao wa kupimia niliununua kwa fedha zangu.

Sasa ada. Tuko wanachama 58, waliolipa ni 21. Tunadai shilingi 1,850,000. Kikao cha Juni hakikutimiza akidi, na kati ya wanaolalamika leo, wengi hawakuhudhuria hata siku ya kupiga kura. Hili linaniumiza, maana mlango ulikuwa wazi kwa kila mmoja.

Mwakani, fedha zikipatikana, tunatarajia kuanzisha daftari la vipimo vya kila samaki tunayemwachia, na kuzungumza na BMU (vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi) za jirani.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti