Kwanza tuulizie maji: barua kwa mwanangu aliye Maskati

Michenzani, Unguja

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum warahmatullah. Mimi na mama yako hatujambo, alhamdulillahi, na watoto wa kaka yako wote wanakusalimu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mchana, nikausikiliza tena usiku nyumba ilipotulia. Unauliza kuhusu lile jumba la mbao linalopangwa kujengwa Fumba, ghorofa 28, mita 96: je, akiba yako uiweke ungojee fleti humo, au utafute kiwanja Fuoni ama Bweleo ujenge kidogo kidogo kama wenzako? Jambo hili halitoshi kwa simu. Kazi yangu miaka yote ilikuwa mabomba katika majumba ya watu, na ninayo ya kukwambia.

Kwanza ujue kwamba mimi nataka lijengwe. Ami yako akilisikia hukunja uso, husema majumba hayo ni ya wageni na sisi tutabaki kuyatazama. Nami humuuliza: sisi tutakaa wapi? Sensa ya 2012 ilituhesabu Wazanzibari 1,303,569. Ya 2022 ikatukuta 1,889,773. Ni miaka kumi tu hiyo. Watu hao wote wametandazwa chini, nyumba kwa nyumba, kutoka mjini mpaka Tomondo, Fuoni, Mwera na Kianga, juu ya ardhi iliyokuwa ikitulisha. Lile shamba la mihogo la marehemu babu yako ulilokuwa ukikimbilia likizo ya skuli sasa ni kuta za matofali, na kati ya ukuta na ukuta haipiti hata gari ya zimamoto. Kisiwa hakirefuki. Tukikataa kupanda juu, tutaimaliza ardhi yote kwa vyumba vya chini, kisha tununue kila tonge kutoka bara. Kwa hiyo mtu akinambia ghorofa 28, simtazami kama mwendawazimu.

Lakini ghorofa sisi tumeanza kuishi humo zamani, na tumejifunza kitu.

Bibi yako alikuwa na nyumba ya udongo na boriti hapa hapa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, ina baraza mbele na kiwanja cha ndani chenye mkomamanga. Mzee Karume alitaka Ng'ambo yote ijengwe upya, watu watoke kwenye nyumba za udongo waingie kwenye nyumba za kisasa. Wataalamu wa Ujerumani Mashariki wakachora, ramani kuu ya mji ikatoka 1968: barabara mbili pana zinakatana, na pembeni mwake majumba marefu yanakwenda pande zote nne. Hapo ndipo ulipozaliwa wewe. Mzee aliuawa Aprili 1972, na kazi ikaja kwenda pole kuliko alivyotaka. Nyumba ya bibi yako ilivunjwa, akapewa fleti. Hakuwa na kinyongo. Alipenda sakafu kavu, alipenda taa, alipenda kwamba hata mvua ya masika ikinyesha hakeshi tena kwa hofu ya ukuta kulala. Vijana wa leo wanayacheka majumba ya maendeleo. Wao hawakulala chini ya dari inayomwaga udongo kwenye sahani.

Kilichomchosha bibi yako kilikuwa ndoo.

Wewe unaikumbuka ile ngazi yetu. Kingo za vidato zimelika katikati, upande wa ukutani zina mstari wa rangi ya kijani wa maji yaliyomwagika miaka na miaka. Msukumo wa maji ulikuwa haufiki juu, pampu ikifa inakaa imekufa, na alfajiri kabla ya adhana wanawake wako chini wamepanga madumu. Mama yako akiwa na mimba yako alipandisha maji kwa ngazi ile. Mtu anaweza kupewa fleti nzuri kabisa, ina choo cha kuvuta, ina sinki ya kauri, na choo hicho akakiendesha kwa kopo. Mchoraji alifanya kazi yake vizuri, na jumba lenyewe halijaanguka mpaka leo. Kilichokosekana ni mtu wa kulishughulikia kila mwezi, na fedha ya kumlipa mtu huyo.

Sasa nikupe hesabu ya fundi bomba. Maji hayapandi kwa kupenda. Kila mita kumi ya kwenda juu inadai baa moja ya msukumo. Jumba la mita 96 linadai karibu baa kumi ili maji yafike tu kileleni, kabla hujafungua bomba la kuogea. Huwezi kusukuma yote kwa pampu moja, maana msukumo huo utapasua mabomba ya ghorofa za chini. Kwa hiyo jumba hugawanywa kwa kimo: tangi chini, tangi jengine katikati, pampu za kupokezana, na pampu ya akiba iliyo tayari kila saa. Kuna na maji ya kuzimia moto, ambayo kwenye jumba la mbao sitaki hata kusikia kwamba yatapungua. Yote hayo yanakula umeme.

Na umeme wetu unapita wapi? Unapita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni upande wa bara, na unatoka majini hapo hapo Fumba. Mei 2008 ulikatika ukakaa karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, ukarudi Machi 2010. Wewe ulikuwa mdogo, lakini nadhani hujasahau jenereta za Darajani zilivyounguruma usiku kucha, na samaki walivyokuwa wakiuzwa kwa bei ya kutupa jioni kwa kukosa barafu. Tangu 2013 tuna waya mpya wa megawati 100, uliolazwa kwa msaada wa Marekani, na hali si ile tena. Hata hivyo, mtu wa ghorofa ya ishirini na tano hawezi kuishi miezi mitatu bila lifti. Sisi wa Michenzani tulipanda kwa miguu tukishika ukuta. Yeye hatatoka, na mgonjwa wake hatashushwa.

Kuna na lililo chini ya miguu. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, limejaa mapango na nyufa, na maji tunayokunywa yako ndani ya jiwe hilo, matamu yakielea juu ya chumvi. Ukivuta kisima kupita kiasi karibu na pwani, chumvi inapanda. Wenye visima pwani wanalijua. Ukimwaga maji machafu bila kuyasafisha, yanateremka moja kwa moja kwenye nyufa hizo mpaka kwenye kisima cha jirani. Mamia ya familia katika jumba moja ni choo kikubwa mahali pamoja. Likijengwa na mtambo wake wa kusafisha maji taka, basi litakuwa jema kuliko mashimo elfu ya vyoo ya Fuoni ambayo hakuna anayejua yanavujia wapi. Hapo mimi nampinga ami yako tena: ghorofa ikiendeshwa sawasawa ni salama kwa maji yetu kuliko vijumba vilivyotawanyika. Neno zima liko kwenye kuendeshwa.

Utasema Baba anaogopa mbao. Hapana. Mji Mkongwe wote umesimama juu ya miti. Vyumba vya kule ni vyembamba kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, na boriti hizo zimebeba sakafu za chokaa kwa zaidi ya miaka mia. Nimefungua dari nyingi kule. Boriti iliyokaa kavu unaigonga inalia kama chuma. Pembeni yake, pale bomba lilipovuja au paa lilipotoboka na mwenye nyumba akasema tutatazama mwakani, unaingiza bisibisi mpaka mpini. Nyumba nyingi za kule zilizokufa ziliuliwa na maji ya mvua na kupuuzwa, uzee haukuziua. Mbao za jumba la Fumba ni za namna nyengine, zimebandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi na mashine, zikashirikishwa na zege na chuma. Norway wanalo jumba la mbao la mita 85 tangu 2019, na Milwaukee kule Marekani wanalo la ghorofa 25 lililopita hilo kidogo. Yamesimama. Lakini hayapigwi na unyevu wa kusi na chumvi ya bahari yetu, wala hayajui mchwa wetu. Anayejenga hapa anatakiwa atuoneshe atakavyoilinda mbao katika hewa hii, si katika hewa ya Norway.

Mfano ninaourudia kila siku ni wa Beit al Ajaib, lile Jumba la Ajabu la Forodhani. Sultani Sayyid Barghash aliijenga 1883, ikawa na umeme na lifti wakati ambapo watu hapa hawajawahi kuona vitu hivyo. Watu husimulia jumba tu. Husahau kwamba katika utawala wake huo huo aliteremsha maji ya chemchemi za upande wa Bububu kwa mfereji mpaka mjini, watu wakachota bure. Jumba la ajabu na maji ya mji vilikuja pamoja. Kisha jumba lile lilikingwa na nini? Lilipita mizinga ya Waingereza ya 1896 iliyoliua jirani yake, Beit al Hukm. Lilipita Mapinduzi. Tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya matengenezo yaliyosubiriwa miaka mingi, upande wake wa mbele ukaporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wakafa. Nilikwenda kusimama Forodhani siku ile. Vumbi la chokaa lilikuwa bado liko kwenye majani ya miti, na wazee wenzangu walikuwa wakilia waziwazi.

Kwa hiyo mwanangu, urefu haunitishi. Ninachokiogopa ni mwaka wa ishirini, pale wauzaji wamekwenda zao na pampu ya kwanza imechakaa.

Mwaka 2021 huo huo lilipotangazwa la Fumba tulitangaziwa na jengine, la ghorofa 70, mita 370, juu ya kisiwa cha kutengenezwa nje ya mji, kwa dola bilioni 1.3. Picha zake nzuri sana. Kwa lile sina la kukushauri zaidi ya kukwambia usitoe hata baisa kwa picha. Kimo kile kinataka maji, umeme na barabara za mji mzima, na mji mzima wenyewe bado unapanga madumu.

Ukija kwenye la Fumba, mtu yeyote atakayekuja na karatasi za kutia saini, muulize haya, na akikujibu kwa picha ya bwawa la kuogelea, funga mazungumzo. Ada ya matunzo ya kila mwezi ni kiasi gani, nani anaishika, na sisi wakaazi tunaliona daftari lake? Lifti ikiharibika kipuri kinatoka wapi? Ardhi ya Zanzibar ni mali ya Serikali. Anachokuwa nacho mtu ni haki ya kuitumia kwa muda. Basi muulize muda huo umebaki miaka mingapi, na ukiisha fleti yako inakuwa ya nani. Fedha yako itakaa wapi kabla msingi haujamwagwa, na jumba lisipoinuka itarudi lini? Usione haya kuuliza. Wewe unakesha wodini kuipata fedha hiyo, nami najua miguu yako inavyovimba.

Sasa nikwambie ninachokitumaini, maana sitaki ufikiri baba yako amekuandikia kukuvunja moyo. Natumaini vijana wetu wataingia pale na kutoka wakiwa mafundi. Kazi ya kubeba zege ikiisha haimwachii kijana kitu. Nataka wafundishwe kuunga mbao zile, kuzitia mabomba, kuendesha pampu na kusoma mita, wapewe vyeti, na wabaki kulihudumia. Mtoto wa jirani yetu wa ghorofa ya chini ana mkono mzuri kuliko wangu nilipokuwa kijana, naye anauza vocha Darajani. Jumba likimpa huyu kazi ya maisha, mimi nitakuwa wa kwanza kulisemea barazani. Na natumaini katika ghorofa hizo 28 zitapatikana fleti ambazo mwalimu au nesi wa Mnazi Mmoja anaweza kuzilipa kwa mshahara wake. Zikiwa zote za watu wanaokuja wiki mbili kwa mwaka, hata ada ya matunzo haitakusanyika vizuri, na hapo neno la ami yako litakuwa kweli.

Jibu langu basi: usinunue sasa, na usikimbilie kiwanja cha Fuoni kwa pupa vilevile. Iweke akiba yako mahali unapoweza kuitoa. Msingi ukimwagwa, nitakwenda Fumba mwenyewe na yule mwenzangu wa umeme, tutazame tangi linakaa wapi, jenereta ni ya nguvu gani, na maji machafu yanaelekea wapi. Ikiwa utapata michoro ya mabomba, si ya vyumba, nitumie. Mtoto wa kaka yako atanifungulia kwenye kompyuta. Tukiridhika, nunua ghorofa ya chini ya kumi, hata ikiwa bahari haionekani vizuri, maana mama yako anataka kuja kukaa nawe na magoti yake unayajua.

Anasema pia ile dawa ya magoti imekwisha, umtumie kwa anayekuja, na udi kidogo ukipata.

Wabillahi taufiq,
Baba yako